Gilet Niliyokuwa Nakalia

Vijana wa ajanse yetu ya utalii, muliniomba niandike. Siku ile ya kuniaga pale Nyalukemba, mulisema: "Papa Amani, miaka yote ile ku ziwa Kivu, usiende nayo mu kaburi." Aksanti kwa ile neno ya kaburi, ilinitia nguvu sana. Basi naandika. Mambo ya grade, nani alipandishwa na nani walimuruka, naiacha pembeni. Haitawasaidia kitu, na mimi mwenyewe ilishanichosha. Naandika kazi ya guide wa ziwa vile niliifanya. Na kuko adisi moja juu yangu yenye munapenda kusimulia wapya, ile ya gilet. Muliisimulia tena siku ile mbele ya muke wangu, na watu wakapiga makofi. Ile adisi haiko kweli. Nitaisema vile ilikuwa, lakini nitaanza mwanzo, juu mukiisikia peke yake hamutaelewa namna gani mutu mwenye akili zake anaweza kufanya vile.

Nilianza nikiwa na miaka ishirini na tatu. Siku ya kwanza nilikuja na viatu vya ngozi, nimevipaka cirage mpaka vinangara, juu nilisikia ni kazi ya kutembeza wazungu. Muzee Cirhuza, mwenye alikuwa mukubwa wa boti, aliniangalia kutoka chini mpaka juu. Akauliza: "Weye, unaenda ku mariage ya nani?" Hakungoja jibu. Akaniambia niingie mu maji nishikilie boti wateja wapande. Nikaingia na viatu vyangu. Vilikauka siku tatu ku dirisha, na toka pale havikuwa viatu tena.

Ule muzee alikuwa muvuvi wa sambaza, zile samaki ndogo, mbele ya kuwa guide. Masomo yake iliishia ku primaire, lakini upepo hakuna mutu alimushinda. Alinifundisha kuangalia Idjwi. Ukiwa unaona mashamba ya ndizi kule ku kisiwa, endelea na safari. Ukiona kisiwa lakini ndizi huzioni, geuza boti. Kama kisiwa yenyewe huioni, ulishachelewa; tafuta ngambo, inchi kavu, yenye iko karibu, na usiulize wateja wanapenda nini. Alinifundisha pia kukata mawimbi na pua ya boti, kamwe si na ubavu, na kufunga bidoni ya mafuta ya motere mbali na chakula. Hii ya mwisho nilijifunza kwa kula samaki yenye inanuka essence safari nzima, na yeye ananiangalia.

Kazi yenyewe munaijua. Kupeleka watalii ku visiwa, kuwapandisha mulima waone maporomoko ya maji, kuwaonyesha ndege, kuwatia mu kayak na kuwatoa mu kayak wakiwa wazima. Kila mutalii aliuliza maswali tatu: iko mamba? iko kiboko? na ile gaz yenye iko chini ya ziwa, italipuka? Nilijibu: hapana, hapana, na si leo. Kuko mwalimu mumoja mustaafu alilala usingizi ndani ya kayak, maji ikamubeba mpaka karibu na mpaka wa inchi ya jirani. Nilimufunga na kamba nyuma ya boti, nikamurudisha polepole akiwa anakoroma. Aliamuka ku ngambo, akanishukuru kwa ile utulivu yote.

Kisha vita zikaja, zikaenda, zikarudi. Miaka mingine hatukuona mutalii hata mumoja. Tulibeba watu wa mashirika na makartoni ya dawa, na siku zingine tulibeba watu wenye wanakimbia, bila kuuliza wanakimbia nani. Sitaandika mengi juu ya ile. Wenye walikuwa pale wanajua, na nyinyi wengine mulishaona yenu.

Sasa nifike ku gilet. Ni ile koti ya orange, ndani iko mousse, sponji ya kuelea; mutu akianguka mu maji, ile mousse inamushikilia juu. Muzee Cirhuza alikuwa na sheria moja kupita zote: gilet moja, mutu moja. Hakuna gilet, hakuna kupanda. Siku moja mukubwa fulani wa serikali alibaki ku ngambo na cravate yake na hasira yake, boti ikaenda bila yeye. Na kila mwanzo wa mwezi tulifanya examen ya gilet. Tunatoa zote za wateja, tunafunga tofali nzima ku kila moja, tunazitupa mu maji pale ku port yetu ndogo. Kisha tunakaa tunakunywa chai na mukate. Saa moja ikipita, yenye imezama, ao yenye inaelea kwa uvivu, tunaipasua na kisu katikati, mutu asije kuirudisha mu boti kwa huruma.

Lakini gilet za ma guides hazikuingia mu ile examen. Musikilize vizuri, juu hapa njo mambo yote iko. Guide wa ziwa hakuwa anavaa gilet. Ilikuwa haya. Mutu alizaliwa ku maji, anaogelea toka utoto, avae koti ya kuelea, wateja waseme nini? Patron wa ajanse alitaka kila mutu awe na yake, basi tulikuwa nazo, na tulizikalia. Ile ubao ya nyuma kando ya motere iko ngumu na inatetemeka. Masaa matatu pale, mugongo unalia. Gilet ukiikunja mara mbili ni kiti muzuri. Muzee Cirhuza alikalia yake mpaka alipoacha kazi. Mimi nikakalia yangu miaka saba ao nane. Kutia gilet ya guide mu maji na tofali ilikuwa sawa na kumutukana.

Mousse ikikaliwa hivyo inalala. Yangu ilikuwa nyembamba, imepasuka-pasuka ndani, na ilikuwa inakunywa maji ya chini ya boti kila safari. Dieudonné, mekanisie wetu, aliikuta siku moja akitengeneza motere. Akaibonyeza na vidole viwili, akasema: "Amani, hii gilet ilishakufa. Uitupe." Nikamujibu: "Wacha hiyo. Matako yangu ilishaizoea." Tukacheka sisi wote wawili, na nikaikalia tena.

Wateja wetu wenye wanalala Kalehe walikuwa wanakula kwa Maman Nabintu. Alikuwa mujane, nyumba yake iko karibu na ngambo, na alitupikia miaka kumi na mbili: sambaza ya kukaanga, sombe, bugali, ndizi ya kuchoma. Alikuwa mukali, na nilimupenda sawa dada yangu, naandika hivyo bila haya. Mutalii akiacha bugali ku sahani, Maman anasimama mbele yake na kumuuliza kwa Kiswahili, polepole: "Mama yako njo alikufundisha hivi?" Mutalii ananiangalia nitafsiri. Nasema kwa Kiingereza: anauliza kama ulishiba. Yeye hakujua Kiingereza, lakini alinijua mimi. "Amani, umudanganye tu, Mungu anakuona," anasema, na anacheka mpaka kitambaa ya kichwa inafunguka.

Miaka yote ile hakuniomba nimubebe hata siku moja. Alikaa ku ziwa maisha yake yote na aliogopa maji. Anaosha miguu, anachota, anarudi. Akienda Bukavu anapanda gari ya sokoni, anafika na vumbi mpaka ku meno, na anasema heri vumbi.

Ile safari ilikuwa mu musimu ya mvua. Nilikuwa peke yangu na wateja wane: muzee mumoja na muke wake, rafiki yao mwanamuke, na kijana mwenye kazi yake, mukitaka muniamini, ilikuwa kupanda mawimbi. Kwao iko bahari, na mutu anasimama juu ya ubao murefu, wimbi inamusukuma mpaka ku muchanga. Sijui nani alimudanganya kama Kivu iko na mawimbi. Alibeba ile ubao mu ndege tatu. Siku ine pale Kalehe ziwa ilikaa laini kabisa, na yeye anakaa juu ya ubao yake katikati ya maji, anangoja. Wamama wenye walikuwa wanafua waliniuliza: "Yule muzungu anavua nini?" Nikasema anavua wimbi. Wakasema pole yake. Nilimufundisha ile neno, pole, akaipenda, akawa anasema "pole sana" kwa kila mutu, hata kwa mbuzi.

Siku ya tano, asubuhi, tulikuwa tunapakia boti turudi Bukavu. Maman Nabintu akaja ku ngambo. Alivaa kitenge yake ya misa, mu mukono moja thermos ya bouillie, uji wa moto, mu mukono ingine kikapo cha nguo za mutoto mucanga.

"Tonton Amani," akasema, "leo naenda na weye."

Nikafikiri anacheka. "Maman, na maji je?"

"Nitafunga macho. Binti yangu Nsimire yuko ku hopitali Bukavu. Uchungu ulianza jana, na mutoto amelala vibaya mu tumbo, banasema pengine batamupasua. Ni mimba yake ya kwanza, Amani. Barabara imekatika na mvua, gari haipite. Sijakuombaka kitu."

Kweli, hakuniombaka kitu. Nyinyi wa leo mutasema: sheria ni sheria, gilet moja, mutu moja. Muniambie nani kati yenu angemuangalia ule mama mu macho na kumuambia abaki. Boti ilikuwa na gilet tano, ine za wateja na moja yangu. Ya akiba tuliipasua ku examen ya mwezi ule na hatukuwa tumeleta ingine. Basi nikachukua yangu pale ku ubao wa nyuma, nikaikung'uta, nikamuvalisha. Nilipofunga kamba mbele ya kifua chake, vidole vyangu viliisikia. Naandika hii na jina yangu iko chini yake: vidole vyangu viliisikia. Ilikuwa bapa na ilikuwa mbichi kwa maji. Nikaendelea kufunga.

Nikamuambia: "Maman, kitu kikitokea, shika gilet na mikono miwili. Usiachilie."

"Sitaachilia," akasema.

Ule kijana wa ubao alikuwa anaangalia. Akakaribia, akashika gilet pale ku bega la Maman Nabintu, akaibonyeza na vidole viwili, sawasawa na Dieudonné. Akasema kwa Kiingereza: "Hii haifai. Umupe yangu. Mimi niko na ubao yangu, na mu maji njo naishi." Alikuwa ameanza kufungua kamba zake.

Nilimukataza. Nilimuambia muteja havue gilet mu boti yetu, ni sheria ya ajanse. Ile sheria iko kweli. Lakini haikuwa sheria yenye ilinisemesha. Nilisikia haya. Muteja, na tena muteja mwenye alikuja kuvua wimbi, ananifundisha kazi ku boti yangu, mbele ya mama mwenye aliniheshimu miaka kumi na mbili. Nikamuangalia kwa ukali mpaka akafunga kamba zake tena.

Maman Nabintu akauliza: "Anasema nini huyu?"

Nikasema: "Anasema orange inakupendeza."

Akacheka, akanipiga ku mukono. "Batu ya uongo, nyinyi bawili!" Akapanda boti, akakaa katikati, akafunga macho na kuanza rozari.

Tulitoka tukiwa tumechelewa. Ndizi za Idjwi niliziona, ao niliona kijani fulani na nikasema ni ndizi. Nilikuwa na haraka kwa ajili yake. Tulipofika mbali kidogo na Birava, kisiwa ikapotea, na upepo ukashuka juu yetu kwa mara moja. Nilianza kutafuta ngambo, nikikata mawimbi na pua ya boti vile nilifundishwa. Wimbi moja ikaingia nyuma, motere ikanywa maji, ikazimika. Bila motere boti ikageuka ubavu. Ya pili ikatupindua.

Nilipotoka juu ya maji niliona orange ine zinaelea, na mutu mumoja chini ya kila moja, wanakohoa, lakini wazima. Nikatafuta ya tano. Ilikuwa mbali na mimi hatua pengine kumi na tano, ile umbali naogeleaka bila kufikiri, lakini mawimbi ilinirudisha. Maman Nabintu alitoka juu mara moja tu. Gilet ilikuwa imepanda mpaka ku masikio. Alikuwa ameishika na mikono miwili, vile nilimuambia. Niliita: "Nikamate mimi! Maman, achilia hiyo, nikamate mimi!" Nilikuwa nimemufikia, vidole vyangu vilikamata kitenge. Hakuachilia. Nilimuambia asiachilie, na alikuwa mutu wa kusikia. Ile kitu ilishuka naye, kitenge ikaniponyoka.

Kijana wa ubao alisukuma ubao yake kwa wale wazee wawili, akavua gilet yake, akazama kumutafuta. Akatoka, akazama. Sijui mara ngapi. Sisi wawili tulizama mpaka wanaume wa Birava walifika na mitumbwi na kumukamata ule kijana kwa nguvu, juu alikuwa hataki kutoka mu maji.

Maman Nabintu walimuona kesho yake, karibu na majani ya ngambo, na gilet ingali imefungwa. Ni mimi nilifungua zile kamba. Ilikuwa nzito sawa mufuko wa unga wenye ulinyeshewa. Niliikunja haraka ndani ya bâche, turubai ya boti, mbele ya mutu kuishika, na kisha nikaichoma. Dieudonné aliniona nikiichoma. Hakuniuliza kitu, na sasa alishakufa na ugonjwa ya sukari, Mungu amupokee.

Ndugu wa marehemu, mukubwa wake, alikuja na watu wa familia kuchukua mwili. Ule kijana alikuwa angali pale, alikataa kwenda na wengine ku hoteli. Akamukaribia ule ndugu, akashika mikono yake, akaanza kusema na kulia. Alisema: nilimuambia ampe yangu, ile ilikuwa mubaya, nilimuambia, alikataa. Alisema mara mbili, tatu. Ule ndugu ananiangalia. Pale hakukuwa mutu mwengine mwenye anasikia Kiingereza.

"Anasema nini?" akaniuliza.

Nikasema: "Anasema pole sana."

Sasa, ile njo ilikuwa neno moja ya Kiswahili yenye ule kijana alijua vizuri. Aliisikia. Akaachilia mikono ya ule ndugu, akageuka kuniangalia, na sikuweza kumuangalia tena. Kisha akachukua ubao yake na akaenda. Sikupata habari yake mpaka leo. Naamini alifikiri nitasema yote nikitulia kidogo.

Nsimire walimupasua ile siku yenyewe, saa yenye sisi tulikuwa tunazama kumutafuta mama yake. Alizaa mutoto mwanamuke, muzima. Ku kilio, ule ndugu alisimama mbele ya watu wote akasema: huyu papa alivua gilet yake mwenyewe, akamuvalisha dada yangu, akabaki bila kitu mu ile ziwa. Watu wakaja kunishika mikono. Nsimire alikuwa anatembea kwa shida, ameshika tumbo, akaweka mutoto mu mikono yangu, akasema: "Anaitwa Amani, juu yako." Nilikuwa na mudomo, na ulimi ndani. Nikasema aksanti.

Ni vile adisi ilizaliwa. Sikuitunga, niliikuta imesimama, nikaingia ndani yake na kukaa. Toka pale mulinijua mukali. Ni mimi nilitia gilet za ma guides mu examen na tofali, nikazipasua zote isipokuwa moja. Ni mimi nilirudisha mutu nyumbani juu alikalia yake. Nyuma ya mugongo mulikuwa munaniita Papa Gilet, mulifikiri sijui. Lakini kwa nini nilikuwa vile, sikuwaambia. Muliona mutu mwenye aliokoka na akajifunza. Haya, nilijifunza, lakini mwenye alilipa ile shule ni Maman Nabintu.

Kila mwaka mupya nilipanda mulima mpaka Kasha, pale Nsimire aliolewa, kusalimia mutoto. Ananiita ndoyi, vile tunaitana wenye jina moja. Anakimbia, anaingiza mukono mu mufuko yangu kutafuta bonbon. Nsimire ananipa kiti ya muzuri, anatuma watu ku bia ya Primus hata nikikataa. Kila mara nilienda na maneno tayari mu kinywa, na kila mara nilirudi nayo. Nilisema mutoto angali mudogo. Nilisema Nsimire ana mimba ingine, nimuache azae. Kisha nikaacha kujipa sababu, nikawa naenda tu, nakunywa Primus ya watu.

Kisha vita ikaingia mu mji wenyewe wa Bukavu. Mulibaki na boti zimefungwa, hakuna mutalii, na mimi miaka ya kustaafu ilikuwa imefika. Muliniaga vizuri. Chakula ilikuwa mingi kupita nguvu yenu, najua. Kisha mumoja wenu akasimama kusimulia gilet, wapya wakafungua macho, muke wangu akalia. Toka ile siku usingizi ulinikimbia. Niliona nikikufa, hii njo watasoma juu ya sanduku langu.

Juma iliyopita nilipanda Kasha bila kungoja mwaka mupya. Nilimukuta Nsimire anapasi nguo na fer ya makala ya moto, mutoto alienda kuchota maji. Alishituka kidogo. "Tonton, iko kilio?" Nikasema hapana. Nikakataa kiti. Nikasimama pale ku mulango na kumuambia yote, kutoka kukalia mpaka kuchoma. Alipasi mukono moja ya shati, ile ile, anarudia, anarudia.

Nilipomaliza akauliza: "Ule kijana alisema vile mukiwa mungali ku ngambo?"

"Ndiyo."

"Mama alisikia?"

"Alisikia, lakini hakuelewa. Aliniuliza anasema nini."

"Na weye ulimuambia nini?"

Nikamuambia.

Akasimamisha fer ku pembeni ya meza. "Alicheka?"

"Alicheka. Alinipiga ku mukono."

Akatikisa kichwa, anafuta macho na ile shati yenye alikuwa anapasi. Nilianza kumuomba musamaha, akainua mukono nisiendelee. Kisha nikasikia mutoto anaingia ku lupango, kiwanja ya nyumba yao, bidoni inagonga mulango, na sauti yake: "Ndoyi! Ndoyi iko hapa!" Miaka kumi na moja sasa, murefu, na kicheko ni ya nyanya yake, hakuna kitu amebadirisha.

"Amani," Nsimire akamuambia, "salimia ndoyi. Anaenda."

"Hajakunywa kitu!"

"Anaenda."

Alinisindikiza mpaka ku mulango wa lupango, na pale akasema polepole, mutoto asisikie: "Jina sitaibadirisha. Anaiitikia toka azaliwe, na haina kosa. Lakini weye usirudi hapa tena."

Nikasema sawa. Nikaanza kushuka. Mutoto akaweka bidoni chini akitaka kunifikisha ku barabara vile tulizoea, na mama yake akamushika mukono.